Bati za Shule na Mitamba ya Kijiji

Lalago, 9 Julai 1995

Ng'wana wane, mwanangu Matilda,

Mwangaluka. Kifua chako kimepona? Sisi wazima, goti langu tu ndilo linalonuna.

Mwaka huu wanunuzi binafsi wanagombea pamba yetu, wanalipa taslimu. Kijiji kimepata ushuru wa kuezeka shule. Wamenichagua mweka hazina. Nani mwingine, wakati binti yangu anasomea uhasibu Mwanza? Nimewaambia wote, hata wasiouliza.

Lakini unakumbuka ushuru wa mwaka jana ulivyoliwa nyama na pombe kwenye mashindano ya ngoma. Sasa mwenyekiti Magese anakuja kila asubuhi: "Mama Matilda, tuazime kidogo, wachezaji wetu wasiaibike." Noti ziko ndani ya mtungi, na mimi kunyima sijazoea. Nifanyeje?

Mama yako mzazi,
Nyanjige

Mwanza, 20 Julai 1995

Shikamoo mama,

Kifua kimepona. Goti lichue na mafuta ya moto.

Mtungini hapafai. Ukiziweka benki, Magese kama mwenyekiti ataweka saini pamoja nawe, atakusumbua vilevile. Mama, fedha ya umma ikae mahali macho ya wengi yanaiona.

Mwanao,
Matilda

Lalago, 28 Novemba 1995

Ng'wana wane,

Goti limepona, siku hizi natembea kama msichana. Usicheke.

Neno lako nililitimiza. Wazee walikubali, tukaenda mnadani, noti zote zikawa mitamba wenye mimba. Tukawafunga zizini, uwanjani pa shule.

Siku ya ngoma Magese akaja na wachezaji wake. "Mama Matilda, fungua mtungi."

"Mwenyekiti, fedha ile pale inakula majani. Chagua mwenyewe wa kuchinja."

Msukuma akishika noti, atainywa pombe bila kujua imeishaje. Lakini kumchinja mtamba mwenye mimba? Mbele ya wazee? Alizunguka zizi, akampapasa mmoja mgongoni, akasema, "Huyu atakuwa na maziwa." Wachezaji wakamcheka mpaka njuga zikalia. Ngoma ikachezwa kwa viazi badala ya nyama, na upande wetu ukashinda.

Mimba zilipokua tukawauza kwa bei ya juu, mmoja akabaki wa shule. Bati zimepigwa zote. Magese ndiye aliyeshika ngazi.

Jana mvua kubwa ilinyesha, na watoto hawakurudishwa nyumbani. Nilisimama dirishani kuwasikiliza wakisoma. Bati zilipiga kelele, sikusikia hata neno. Nikabaki palepale, nimelowa, nacheka peke yangu.

Mama wa mhasibu,
Nyanjige