Ukoo Safi wa Baba Wanjiru

Dundori, Jumanne, Julai 1974

Baridi ya leo inaingia mpaka kwenye mifupa, na mimi nina hasira ya kutosha kuchemsha chai bila kuni.

Tumetoka Nakuru kumpeleka Njeri kwa daktari wa akili. Ana miaka kumi na minne, na tangu Februari amekuwa mtu wa kulala tu. Hali, haogi, shule ameacha. Daktari alimsikiliza kwa upole, kisha akatugeukia mimi na mume wangu. Alisema huzuni inayomkamata mtoto mapema hivi wakati mwingine ni upande mmoja tu wa ugonjwa. Upande wa pili ni nguvu za ajabu na kukosa usingizi, na huweza kuchelewa miaka. Kwa kumtazama hawezi kubashiri, lakini ukoo unaweza kumdokezea. Na kwa mtoto wa aina hiyo, vidonge vya kutibu huzuni vinaweza kuulipua upande huo wa pili.

"Kuna mtu kwenu amewahi kuwa hivyo?"

"Hakuna, daktari," akasema mume wangu, Baba Wanjiru. "Sisi ukoo wetu ni safi."

Safi!

Mume huyu ana dada, Nyambura, aliyefichwa kwa jamaa huko Keringet. Alilala miezi kama Njeri, kisha akaamka akiimba, akang'oa shamba zima la viazi vichanga, siku tatu bila kufumba macho. Wakati wa posa yangu wazee wetu waliuliza kama kuna wazimu kwao, kama inavyoulizwa. Watu wa mume wangu wakajibu hakuna. Nyambura nilimjua nikiwa tayari na mtoto mgongoni. Nilidanganywa, na sijawasamehe.

Lakini leo nami nilinyamaza. Jumamosi wazee wanakuja kumposa Wanjiru, dada yake Njeri, na watauliza swali lilelile. Nililinda harusi ya mmoja kwa kichwa cha mwingine. Namchukia mume wangu, na najichukia zaidi.

Tuliporudi nikampa Njeri kidonge cha kwanza cha huzuni alichoandikiwa na daktari. Alikishika tu mkononi.

"Mama, shangazi Nyambura alianza akiwa na miaka mingapi?"

Kumbe anajua. Nilitaka kusema sikumbuki.

"Kumi na minne," nikamwambia.

Hakulia. Alinirudishia kidonge. "Basi rudi umwambie daktari."

Baba yake alikuwa mlangoni. "Mama Wanjiru, usiniharibie jina."

Nikamwambia jina lake alile na githeri.

Kesho narudi Nakuru na Njeri, na nitamtaja Nyambura kwa sauti. Jumamosi wazee wakiuliza, nitajibu mimi kabla mume wangu hajafungua mdomo. Wakitaka kuondoka, njia ya kwao wanaijua.

Wanjiru bado sijamwambia. Yuko jikoni anapiga pasi gauni la Jumamosi. Nimefika mlangoni mara mbili, na mara zote mbili hasira imeniishia hapo.