Mokrane Ait Sadi, Uliyekaa na Watoto Katika Hofu Zao

Mwaka umezunguka, Baba, tangu usinzie baada ya chai ya alasiri na usiamke tena.

Watu wa Bejaia walikujua kama mwalimu wa judo. Uliwafundisha watoto kuangusha na kuangushwa, lakini kazi yako kubwa ilikuwa kuwasaidia kukabili woga. Hukumwambia mtoto asiogope. Ulichuchumaa mbele yake, ukamuuliza, "Leo hofu imekaa wapi? Tumboni? Magotini?" Akitafuta jibu, pumzi ilimrudia.

Mjukuu wako Tiziri hakungoja swali lako siku ile ya mashindano ya taifa kule Algiers. Alijifungia chooni, akatapika. Baba yake, mwanao Lounes, akagonga mlango kwa ngumi. "Toka! Unatuaibisha mbele za watu!"

"Lounes, nenda kanywe kahawa," ukamwambia.

"Ni binti yangu, Baba."

"Ndiyo maana. Nenda."

Akaondoka amenuna. Ukakaa sakafuni na lile goti lako bovu, mgongo umeuegemeza mlangoni.

"Babu, niambie nitashinda," Tiziri akasema kutoka ndani.

"Nikudanganye? Yule msichana wa Oran ana nguvu kama punda."

Kisha kicheko chembamba.

"Na nikishindwa?"

"Tutakula. Mimi njaa inaniuma."

Mkapumua pamoja, kila mmoja upande wake wa mlango, mkiitoa pumzi polepole, mpaka akafungua.

Alishindwa. Lakini alipigana hadi kengele ya mwisho, yeye ambaye mwaka uliotangulia alikauka katikati ya mkeka mikono ikining'inia. Njiani kurudi Bejaia ulimnunulia maandazi ya moto, ukamuuliza ni wapi katika pambano alipofurahia zaidi. Akasimulia mpaka tukafika Bouira, sukari imemjaa mdomoni. Lounes alikuwa kwenye usukani. Anasema siku hiyo ndipo alipotambua kwamba hajawahi kumsikia bintiye akiuongelea mchezo wake. Tiziri alikuwa ameshapanga kuuacha. Hakuuacha.

Ukumbi wako wa judo tumeufungua tena, Baba. Lounes ndiye anayefagia. Tiziri anawafundisha wadogo, kwa namna yake, na ana kelele kukushinda wewe.

Unakumbukwa na mkeo Ouerdia, wanao Lounes na mimi Djidjiga, mjukuu wako Tiziri, na wote uliowafunga mkanda wao wa kwanza.

Hutatutoka moyoni kamwe.