Shamba ya ngombe tatu

Kaka Bahati,

Salamu kwako, kwa Mama na kwa wote wa nyumba. Huko Burungu kumetulia? Munalala vizuri? Miye niko muzima, ni hii baridi tu inanikula mifupa. Nakusalimia kwa sababu marehemu Papa alitufundisha kusalimia kwanza. Roho yangu haitaki.

Kazi ni ile ile, kupangusa mu nyumba moja ya zamani hapa Uingereza, watu wanalipa kuiangalia. Juma lililopita mama mumoja anayeongoza wageni alinionesha karatasi ya ngozi. Akasema watu wao wa zamani walikuwa wanapima shamba kwa pesa. Walisema "shamba ya peni moja", kwa sababu kodi yake kwa mwaka ilikuwa peni moja. Nikacheka sana. Nikamwambia, hata kwetu! Sisi tuko na shamba ya ngombe tatu. Nikamweleza vile Papa alipokea ngombe tatu za mahari yangu, akazipeleka kwa jirani, akarudi na shamba ya Mama. Nikamuuliza, na peni ilipopoteza nguvu, walikata shamba? Akasema hapana, jina lilibaki na mupaka ilibaki.

Kumbe weye ulikuwa umeshakata.

Jumapili nilipiga telefone. Mama akasema ulikuja na mununuzi, ukamwambia: "Mama, leo kwa ngombe tatu hakuna muntu anapata shamba kubwa hivi. Ngombe tatu ya leo inaishia hapa kwenye kisima. Inayobaki ni ya ukoo, na mukubwa wa ukoo njo miye." Ukang'oa miti ya miyenzi Papa alipanda kwenye mupaka. Ukauzisha yote inayobaki.

Na Mama analima wapi sasa? Kipande ulimwachia hakimutoshi, analima mule mule uliuzisha! Kila musimu anamupatia mwenyewe mupya mabeseni mawili ya maharagwe, kodi ya udongo alioupalilia tangu tukiwa watoto. Alitaka kunificha. "Achana nayo, mwanangu, ni kaka yako." Nililia mu choo ya kazi hadi wakanigongea mulango.

Angekuwa muntu wa mbali, ningesema Mungu anaona. Lakini weye, Bahati! Siku wanaleta zile ngombe, weye njo ulishika kamba ya ile nyekundu, ukirukaruka. Ulikula nyama ya arusi yangu. Huna haya?

Papa alinitoa akapata ngombe. Akatoa ngombe akapata shamba, ili Mama asiombe chakula kwa muntu. Ukisema zilikuwa za bei ndogo, ni miye unasema.

Nisalimie bibi yako Esperansi, yeye hana kosa, na shangazi yetu wa Kashebere. Katekista anayemusomea Mama barua usimusalimie. Nimemwandikia miye mwenyewe, maneno haya haya, ayasome Jumapili mbele ya Mama na wazee wa ukoo. Hapo utasimama, utawaambia dada yako leo ni wa ngombe ngapi.

Miye wa tumbo moja na weye,
Furaha