Mama Hataki Kwenda Hija Ila kwa Jina la Baba

Bi Hikma mpendwa, assalaam alaykum. Sijawahi kuandikia gazeti maishani mwangu, lakini nisaidie, maana safari imekaribia na nyumbani kwetu watu hawasemezani.

Mimi naishi Komarock na wanangu, ila nilizaliwa Ofafa Jericho, na mama yangu, Bi Mwanasiti, bado yuko kwenye nyumba ileile. Marehemu baba yetu, Mzee Saad, alikuwa fundi wa makubadhi soko la Kariokor, na Waislamu wengi wa Eastlands waliokuwa wakienda Hija walipitia kibandani kwake awatengenezee ndara za wazi za kuvaa na shuka za ihramu, naye alimwambia kila mmoja kwamba akirudi salama lazima aje aketi pale amsimulie yote, hivyo Baba akaijua Makka kama alivyoijua Kariokor, joto lake, msongamano wake, pale watu wanapoangua kilio, na hakuwahi kufika.

Ukiingia mwezi wa Mfungo Tatu, mwezi wa Hija, alitukusanya watoto wote wa uani, Waislamu kwa Wakristo, bado ananuka ngozi na gundi, akatuzungusha kwenye mfereji, bomba la maji la pale uani, tukiuweka upande wa kushoto, anatuambia huo ndio upande wa moyo, halafu tunakwenda mbio kutoka mlango wetu hadi mlango wa jirani yetu Mama Mbeti, mtu wa Machakos na mtu wa kanisa hasa, na mwanawe Kiema alikuwa akituacha nyuma wote mpaka Baba anampigia kelele, "Wee Kiema! Hushindani na mtu hapa. Bi Hajar anatafuta maji, mtoto wake analia kwa kiu. Kimbia kama mtu ambaye mtoto wake analia!" Tukifika tunahema, Mama Mbeti anatoka na jagi la maji anasema, "Haya, kunyweni, Zamzam ya Ukambani hii," na Baba anacheka mpaka anashika mbavu. Bi Hikma, mpaka leo nikisikia talbiya ya mahujaji redioni siioni Al-Kaaba, naona ule mfereji na Baba amesimama hapo na aproni yake.

Alitutoka mwaka juzi. Yeye na Mama walikuwa wamenuia kwenda pamoja, na mwaka huu Mama alipopata nafasi tukakubaliana aende na kaka yangu Jamil, tukafurahi sana, majirani wakaja, Mama Mbeti akamshonea kijifuko cha kuvaa shingoni. Hapo ndipo Mama aliposema, "Mimi naenda kumhijia babako." Nikaenda kumuuliza imamu, akaniambia mtu ambaye hajahiji hawezi kumhijia mwingine, aanze na yake. Niliporudi kumwambia Mama, alinisikiliza mpaka mwisho, akaanza kutoa nguo zake kwenye sanduku moja moja. "Basi siendi," akasema. "Niende nikajifaidi mimi, na mwenye hamu yake yuko kaburini? Nitamtazama vipi siku ya kiama?"

Jamil anasema, "Sister, wacha kumstress mathe. Mwambie sheikh amekubali, apande ndege, huko atanuia anachotaka, si Mungu anajua roho yake?" Mama Mbeti naye alijaribu kumsihi, Mama akamwambia, "Wewe hujui, Mama Mbeti," na kesho yake hakumfungulia mlango, jambo ambalo sijaliona tangu nizaliwe. Na mimi nakuambia ukweli, moyo wangu unaelemea upande wa Jamil, kwa sababu natamani jina la Baba litajwe kule hata mara moja. Nimdanganye mama yangu ili aende? Nimlazimishe? Au nimwache?

Ummulkheir, Komarock

*

Wa alaykum salaam, Ummulkheir.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilikuwa nimeiweka chai pembeni ikapoa. Mungu amrehemu Mzee Saad. Watoto wa uani waliofundishwa Hija kwenye mfereji wana bahati ambayo wengi wetu hatukuipata.

Sasa tuseme. Wewe na Jamil mnataka kumpeleka mama yenu kwenye nyumba ya Mwenyezi Mungu kwa uongo. Mtu anavua kila kitu, anaacha hata manukato, aingie ihramu akiwa safi, na nyinyi mmemfungia uongo kwenye mzigo wake! Hapana. Mwambie Jamil nimesema hapana, na akinuna anune.

Imamu wako amekwambia sawasawa. Lakini wewe ulimpelekea mama yako hukumu, ukasahau kumuuliza kinachomuuma. Unadhani huyu mama hajui sheria? Ameishi na Mzee Saad miaka yote hiyo, anaijua kukushinda. Anachoogopa ni kufika mbele ya Al-Kaaba peke yake. Anaona kama anamwibia mumewe zamu yake. Alipomwambia Mama Mbeti "wewe hujui," ndicho alichokuwa akikisema, na nyote mkabaki mnajadili nia na masharti.

Kaa naye, wewe peke yako, bila Jamil. Umuulize habari za Bi Hajar. Nabii Ibrahim alipomwacha kwenye bonde lile lisilo na mtu wala mti, Bi Hajar alimuuliza, "Mwenyezi Mungu ndiye aliyekuamuru hivi?" Ibrahim akajibu, "Ndiye." Bi Hajar akasema, "Basi hatatupoteza." Mume akaenda zake, na mbio zote zile za Safa na Marwa alizikimbia peke yake. Mpaka leo wafalme na makuli wanafuata nyayo za mwanamke ambaye mumewe hakuwa karibu naye. Mahali pale hapamkatai mama yako kwa sababu amekwenda bila Saad.

Na Saad asiachwe nyuma pia. Nimemuuliza sheikh ninayemwamini, akaniambia hivi: Mama ahiji kwa nia yake mwenyewe. Siku ya Arafa amwombee mumewe kwa jina, na asiharakishe, siku ile ni ya kuomba. Akishamaliza Hija yake, kama afya inamruhusu, atoke mpaka Tan'im, nje kidogo ya Makka, avae ihramu upya, amfanyie marehemu Umra, ile Hija ndogo. Na wewe Jamil, najua unasoma: ukishahiji mwaka huu utakuwa umestahiki kumhijia baba yako mwaka mwingine Mungu akikujaalia. Hiyo kazi ni yako, acha kumtwisha mama yako.

Jambo la mwisho. Msafiri wa Hija huomba radhi kwa jirani kabla hajatoka. Mama aende akagonge kwa Mama Mbeti. Akikataa hilo, Ummulkheir, hata hayo mengine usimfungie sanduku.

Bi Hikma

*

Bi Hikma, ni mimi Ummulkheir tena.

Nilimsomea Mama jibu lako. Nilipofika kwa Bi Hajar aliniambia, "Hebu rudia hapo," nikarudia, akalia, nami sikumnyamazisha. Baadaye akauliza, "Huyu mshauri wako ana mume?" Nikamwambia sijui. "Alikuwa naye," akasema, akajifunga leso, akaenda kugonga kwa Mama Mbeti. Walikaa ndani mpaka adhana ya alasiri. Sikuambiwa walichozungumza, ila Mama Mbeti ndiye aliyekuja kulipanga lile sanduku upya.

Jana Jamil alinipigia kutoka Makka. Anasema walipotangaziwa ndani ya ndege kwamba wanakaribia mahali pa kunuia, watu wote walianza kunuia, yeye Jamil akatamka nia yake, na Mama aliyeketi kando yake akasema, "Nimenuia kuhiji..." kisha akafumba macho. Akayafumba muda mrefu, mpaka Jamil akadhani amesinzia, akataka kumgusa bega.

Halafu akamsikia akisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hija yangu mimi, Mwanasiti."