Kitambaa cha Muhindo

Jumatatu, 5 Oktoba

Imebaki mikono miwili ya blauzi na pindo moja. Umeme umekatika tena, nimerudi kwenye cherehani ya miguu. Goti la kulia linanung'unika. Nguo za mahari ya binti yangu Sifa bado, na wateja wananisubiri. Wengine wananisubiri kwa kelele.

Mume wangu, Papa Sifa, amerudi wiki iliyopita. Miaka yote ile gereza la Kinshasa, kisha karatasi moja: msamaha kwa matendo ya vita na uasi. Ameitia kwenye plastiki kama cheti cha ubatizo. Analala upande wake uleule wa kitanda, mdomo wazi.

Nilifurahi. Nalisema hapa kwa sababu sitalisema kwingine. Nilitwanga sombe, majani ya muhogo, nikiimba, kisha nikakumbuka dirisha liko wazi na nusu ya mtaa wa Ndosho inanisikia. Nikanyamaza.

Matendo ya vita. Wakati wa uasi Papa Sifa alikuwa katika ofisi ya usalama ya waasi. Muhindo alikuwa mwanafunzi, alikuwa akigawa makaratasi ya kudai walimu walipwe. Watu wa ofisi ile walimchukua barabarani mchana kweupe, hakuonekana tena. Vita gani hiyo?

Alhamisi, 8 Oktoba

Mama Muhindo amekuja kazini kwangu. Tunasali shirika moja, jumuiya ndogo ya kanisa, tunakaa benchi moja, na hatujawahi kutaja jina la mume wangu kati yetu. Nilipomwona mlangoni nilishika mkasi bila sababu yoyote.

Akatoa kitambaa cheupe, pamba safi. Anataka nimshonee shuka ya kufungia mifupa ya mwanawe.

“Mama Sifa, bwana yako alirudi. Miye sitaki kesi. Niko nauliza fasi tu. Ile fasi balimutia mutoto wangu.”

Nikasema nitamwuliza mahali hapo. Akasema nishone kwanza, siku akionyeshwa asijikute hana nguo ya kumfungia. Anaomba iwe kabla ya tarehe mbili Novemba, Siku ya Marehemu. Siku hiyo wenzake wote wanakwenda kusafisha makaburi ya watu wao. Yeye anabaki nyumbani anafagia ua. Matanga ya Muhindo hayajafungwa mpaka leo, maana utafungaje matanga bila kaburi.

Sikumwuliza Papa Sifa. Tulikula. Nilimwongezea samaki.

Jumapili, 11 Oktoba

Papa Sifa alikwenda Sake kumsalimu mama yake, akarudi uso umepauka. Hakugusa chakula. Nilidhani malaria. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akasema bila kuulizwa:

“Ile rundo ya majiwe ingali pale. Nimeiona leo.”

Kisha akayatoa yote. Ni kwenye barabara ya Sake, mbele ya Mugunga, kabla ya njia inayoshuka kwenye ziwa la Lac Vert, kwenye uwanda wa mawe ya volkano. Walikuwa wanne. Walijaribu kuchimba, jembe likawa linaruka tu juu ya mwamba. Wakamfunika Muhindo kwa mawe, wakaenda zao. Nikauliza nani alipiga risasi.

“Ni miye.”

Kama mtu anayeitika jina lake darasani. Nilitaka kumpiga. Nilikunja taulo.

Akasema nimwambie yule mama, au kesho twende naye amwonyeshe kwa kidole, yamwishe. Nikakataa. Si kabisa. Nikasema asubiri mahari ya Sifa ipite, tarehe 24. Wakwe wanatoka Butembo, wafanyabiashara, watu wa misa ya kila asubuhi. Wanajua baba wa Sifa alikuwa Kinshasa kikazi. Wakisikia habari ya mifupa watageuza gari. Mawe yamekaa hapo miaka yote, wiki mbili si kitu.

Akasema sawa.

Nina binti mmoja tu. Mama yeyote angefanya hivyo.

Jumatano, 14 Oktoba

Sala ya shirika kwa jirani. Wakati wa kutakiana amani Mama Muhindo alinipa mkono, akaushika kidogo zaidi ya kawaida. Nikamnong'oneza kwamba Papa Sifa ana malaria, akipona nitamwuliza. Uongo wa fundi, hauonyeshi hata mshono.

Kitambaa chake kiko rafuni, chini ya nguo za Sifa. Sijakigusa.

Jumanne, 20 Oktoba

Mizinga upande wa Masisi tangu asubuhi. Vioo vinatetemeka, hakuna anayeinua kichwa. Wakimbizi wameanza kuingia kwa barabara ya Sake, godoro kichwani, mbuzi kwenye kamba.

Papa Sifa alisimama mbele ya cherehani. “Twende na ule mama leo. Kesho njia itafungwa.” Nikamjibu nina vifungo ishirini na nne vya kushona na Jumamosi iko mlangoni. Akatoka nje.

Nimekasirika naye. Alikaa kimya miaka yote, leo ndiyo ana haraka.

Jumamosi, 24 Oktoba

Mahari imepita. Wakwe walichelewa, mji umefurika. Mbuzi wote walifika, kreti za bia zilifika, na blauzi yangu ilikaa mwilini kama nilivyoipima. Sifa aling'aa. Shangazi wa bwana harusi alishika pindo la nguo yangu akauliza fundi ni nani. Nilicheza mpaka kilemba kikaanguka.

Nje ya ukuta watu walikuwa wanapita tu, bila mwisho. Sufuria, watoto mgongoni, bibi mmoja amebebwa kwenye kiti. Sifa alitoka na sahani mbili za wali, zikaisha kabla hajageuka. Papa Sifa hakucheza. Alikaa kwenye kiti cha heshima akiangalia barabara. Nilimkanyaga mguu atabasamu kwenye picha.

Jumapili, 25 Oktoba

Nimemwambia Mama Muhindo baada ya misa. Yaani nimemwambia nusu: kwamba mahali panajulikana na Papa Sifa yuko tayari kupaonyesha. Alikaa kwenye ngazi ya kanisa, akafungua kilemba chake, akakifunga tena. Akaniombea baraka mimi na nyumba yangu. Nilitamani anitemee mate.

Wanajeshi wamefunga barabara ya Mugunga. Tunasubiri.

Jumatano, 28 Oktoba

Nimeshona shuka. Mishono midogo, kwa mkono, si kwa cherehani. Nimeifungua na kuirudia mara mbili. Shati la Papa Sifa lilikuwa linakauka kwenye kamba mbele yangu. Nimelifua mimi. Nitalifua tena wiki ijayo.

Jumamosi, 31 Oktoba

Barabara imefunguliwa. Tumekwenda watatu kwa pikipiki mbili, Mama Muhindo amekumbatia shuka kifuani.

Uwanda haupo. Ni turubai nyeupe hadi macho yachoke, na moshi, na watoto wanaokohoa. Papa Sifa alikwenda mbele, akarudi nyuma, akasimama akiangalia milima ajipime nayo, akaenda tena. Alitafuta ukuta mdogo uliokuwa karibu na rundo, hakuna ukuta. Alitafuta rundo. Ndipo nikatazama chini. Kila turubai imekandamizwa pembeni kwa mawe meusi, upepo usiichukue. Kila sufuria imekaa juu ya mafiga. Wameokota kila jiwe lililolegea. Nani awalaumu? Na mimi ningeokota.

Mama mmoja alikuwa anapika maharage. Nikamwuliza kama walikuta kitu chini ya mawe. Hakushangaa.

“Mifupa? Tulikuta fasi mingi, mama. Huku kulikufaka batu ba vita yote. Bijana balikusanya, bakatia mu mapasuko ya majiwe, bakafunika. Ilikuwa Ijumaa ingine, ile tulifika.”

Akanyoosha mwiko kuonyesha mapasuko, zile nyufa za mwamba. Mwiko ulizunguka upande mzima.

Ijumaa ile, tarehe 23. Kesho yake nilikuwa nacheza.

Mama Muhindo hakulia. Alimgeukia mume wangu kwa mara ya kwanza, akamtazama usoni. “Weye uliiona lini mara ya mwisho, ile rundo?”

Papa Sifa aliangalia mawe. Hakuniangalia mimi hata kidogo. “Zamani,” akasema. “Zamani sana, mama.”

Nami nikanyamaza. Mbaya zaidi, nilimshukuru moyoni. Serikali ilimsamehe yeye bila kumwuliza Mama Muhindo, na leo yeye amenisamehe mimi kwa njia ileile, mbele ya mama huyohuyo. Ndivyo msamaha huo ulivyo mtamu, basi. Sikujua. Nilipanda pikipiki nikiwa mwepesi, na huo wepesi ndio unaonitapisha sasa.

Jumatatu, 2 Novemba

Mji mzima uko makaburini. Nilimkuta Mama Muhindo anafagia ua.

Nilimwambia yote. Kwamba rundo lilionekana tarehe 11. Kwamba Papa Sifa alitaka twende kesho yake, na tena tarehe 20, na ni mimi niliyekataa. Kwa nini nilikataa. Sikutafuta maneno mazuri, yaliisha wiki ile ya malaria ya uongo.

Aliendelea kufagia. Nilipomaliza akauliza jambo moja.

“Siku ya mahari, ulicheza?”

“Nilicheza, mama.”

Akatikisa kichwa kama mtu aliyepata hesabu yake. Nikapiga magoti, nikaomba msamaha. Akaegemeza ufagio ukutani.

“Bwana yako, Serikali ilimusamehe. Miye haikuniuliza. Weye leo unaniuliza, ni muzuri. Lakini sina, Mama Sifa. Nimetafuta, sina.”

Akaingia ndani, akatoka na shuka. Nilidhani anataka niikunje vizuri. Akaiweka mikononi mwangu.

“Ikae kwako. Uitie fasi utaiona kila siku. Siku batamupata, nitakuja kuitafuta.”

Nilitembea hadi nyumbani. Sikuweza kupanda pikipiki nayo.

Jumatano, 11 Novemba

Nimeshona sare mbili za shule na pindo la pazia. Mvua imenyesha asubuhi, mchana jua.

Sifa nimemwambia. Ananitengea chai, anaweka kikombe mezani, anatoka. Yeye mwenyewe ndiye aliyempigia simu mchumba wake Butembo na kumweleza. Jibu halijaja. Sikumzuia. Nimejifunza angalau hilo.

Papa Sifa anaondoka kila alfajiri na nondo kwenda Mugunga kuchungulia mapasuko. Hakuna aliyemtuma. Wakimbizi wamemzoea, wanadhani ni mtu wa kuchimba vyoo. Anarudi magoti yamechubuka, namtengea maji ya kuoga. Sijui kama ni toba au hajui tu la kufanya na siku zake. Simwulizi.

Nguo za mahari nimezitoa rafuni. Shuka iko pale peke yake, inatazama mlango.

Saa kumi amekuja mteja mpya, mama kijana, anataka gauni la ubatizo wa mtoto. Nilikuwa nampima mabega. Akaiona, akasema pamba nzuri hiyo, bei gani. Nikasema si ya kuuza. Akauliza ni ya nani.

“Ya Muhindo,” nikasema. “Mume wangu alimwua. Mimi nikachelewesha kaburi lake.”

Mikono yake ilibaki imenyooka hewani, kama nilivyomwambia aiweke. Nikampima kiuno, nikaandika.