Poda ya Kuvutia Nyaya

Jumamosi, 16 Juni 1973

Bukoba. Rugaibula, msimamizi wetu, kanituma poda. Si ya urembo — ya kazi! Nyaya za wodi ya wazazi kule Muleba zinapita ndani ya mabomba ya chuma ukutani, na mpira wake unang'ang'ania chuma kama kupe. Ukizipaka poda zinateleza. Mzee Suryakant dukani alikuwa na makopo mawili tu. Shika, kasema, hakuna mengine na sijui lini yatakuja.

Nikapita Kaagya kumwona mchumba wangu, Klaudia. Kopo moja nimempa. Alilikuta kwenye mfuko wangu, akafungua, akanusa, akacheka — basi nikashindwa kusema ni la kazi. Moja litatosha. Nyaya zenyewe si nyingi.

Jumatatu, 18 Juni

Muleba. Vumbi. Kazi imeanza. Mzee Buberwa anasukuma nyaya upande mmoja, mimi navuta upande wa pili. Yeye ndiye aliyenifundisha ufundi. Usishindane na waya, ananiambia siku zote, ubembeleze. Anaupaka poda kwa kitambaa kama mama anayempaka mtoto mafuta, anapuliza nyingine kidogo ndani ya bomba, halafu anaita, "Leta!" Nami navuta. Ukikwama anaita, "Simama!" Vyumba vya mbele tumemaliza bila jasho.

Jioni kopo likawa jepesi. Akaniuliza, hukupata jingine? Nikasema Mzee Suryakant alikuwa nalo moja tu. Nimesema upesi, wala sikumeza mate. Yeye: "Haya, tutabana."

Jumatano, 20 Juni

Poda imekwisha. Limebaki bomba refu, la kutoka kwenye jenereta mpaka chumba cha kujifungulia. Lina kona mbili, kali.

Buberwa hataki kuvuta kavu. Nikasema tuchukue grisi ya Land Rover. Akakataa kabisa: grisi inakula mpira, siku moja mama mwenye uchungu atashika ukuta, umeme umtupe chini. Bora mtu aende mjini. Rugaibula akaja juu. Wilaya nzima inakuja Saba Saba kuona taa, sisi tunangoja poda! Akanigeukia mimi. Mnaweza au hamwezi?

Nikasema tunaweza.

Nilisema mimi. Si Buberwa.

Alhamisi, 21 Juni

Vidole vya Buberwa. Ee Mungu. Siwezi.

Ijumaa, 22 Juni

Niandike, labda nitapata usingizi.

Tulivuta kavu, waya ukakwama kona ya pili. Nikaizungusha kamba ya kuvutia waya kwenye mtaimbo, nikakaza mguu ukutani, nikavuta kwa uzito wangu wote. Hakuna kitu. Nikavuta tena. Waya ukaachia ghafla! Yeye alikuwa ameukamata karibu sana na mdomo wa bomba, na mdomo ule una makali. Vidole vikaingia. Akapiga kelele: "Leka!" Kihaya — acha. Kazini hatutumii neno hilo kabisa. Ni "leta" na "simama".

Nami nikavuta.

Wote wananifariji. Ulisikia "leta", wanasema, ni herufi moja tu. Rugaibula pia kasema hivyo. Nami nimeitikia, ndiyo, nilisikia "leta". Lakini ile sauti! Mtu anayetaka waya haiti namna ile. Mimi Mhaya, mama yangu alinikataza moto kwa neno hilo hilo. Nilisikia nini? Sijui. Nilitaka ule waya uishe.

Hospitali Bukoba wamemkata viwili, mkono wa kulia. Mkono wa enanga, kinanda chetu cha nyuzi. Nilikwisha kumwomba atupigie enanga kwenye harusi, akakubali siku hiyo hiyo.

Na poda je? Hakuna anayeuliza habari ya poda.

Jumapili, 24 Juni

Misa Kashozi. Mahubiri yamepita pembeni ya masikio.

Tulipotoka Klaudia akanifuata. Ananukia ile poda. Kasema anajipaka Jumapili tu, anaibana ifike mpaka harusi. Nikasema vizuri. Akauliza mbona natembea mbali naye. Nikasema jua.

Yeye hana kosa. Hajui. Ndiyo maana nashindwa kumtazama.

Jumanne, 26 Juni

Nimekwenda Izimbya, nyumbani kwa Buberwa. Nimeamua nimwambie. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno.

Mkewe, Kokubanza, akanipokea kwa furaha, akaniita mwanangu, akaniwekea ebitoke na maharage. Buberwa alikuwa amekaa, mkono mzima kitambaa. Kabla sijafungua mdomo akaanza yeye. Kosa ni langu, kasema. Mtu akiumia anarudi kwenye lugha ya mama yake, wewe ungejuaje? Na hivyo ndivyo nilivyomwambia Rugaibula, kasema.

"Hapana, waitu, mzee wangu, sikiliza —"

"Nyamaza, Datius. Una harusi. Usiingie kanisani na damu ya mtu kichwani."

Kokubanza akaniongezea chakula. Nikala.

Buberwa akasema lile bomba lazima tulivute upya, waya umechunika, hautafaa. Kesho anakwenda mjini kufungwa kidonda. Atapita mwenyewe kwa Suryakant, amwombe atafute poda hata kwa jamaa zake wa Mwanza. Kisha twende wote Muleba na Land Rover, tuutoe waya ule wakati poda inangojwa. Atakaa tu, asimamie. Hataki mwingine aumie.

Nilisema nitakwenda mimi dukani. Akasema hapana, wewe pumzika.

Jumatano, 27 Juni

Njiani. Land Rover imepata pancha, dereva anapigana na jeki. Naandikia magotini.

Pale dukani nilibaki nje. Nikamsikia Mzee Suryakant akimpa pole, pole sana, kisha sauti zikashuka. Buberwa alitoka bila kitu.

"Anasema alikupa makopo mawili."

"Ndiyo, waitu."

"La pili?"

Nikafungua mdomo. Dereva akapiga honi. Buberwa akalitazama gari, akanitazama mimi. Uso wake haukubadilika. "Panda," akasema. "Muleba ni mbali. Utanieleza njiani."

Tumeipita Kemondo, bado sijamweleza. Kila shimo la barabara anaukumbatia ule mkono. Mimi nilikuwa nahesabu migomba.

Sasa amekaa kwenye jiwe kando ya barabara. Dereva kasema jeki inateleza, tutakawia. Buberwa ameinua macho, amenitazama. Amesogea pembeni. Jiwe lina nafasi ya mtu mmoja zaidi. Naweka kalamu, nakwenda kumweleza.