Namba za Presha ya Bibi

Jumatatu, 4 Machi
Sijamwambia mtu: leo nimeandika uongo kwenye daftari la presha ya Bibi. Mashine ilisema 172. Nikaandika 134.

Sababu ni binamu yangu. Nyumbani wote wanamwita Nesi, na chuoni kwenyewe ana miezi mitano tu! Jana alikuja, akampima Bibi — 136. Shangazi akapiga makofi, eti mkono wa Nesi peke yake ni dawa. Mimi ninayempima asubuhi na jioni tangu nimalize shule, ninayempa vidonge, ninayemwogesha — nikatumwa maji ya kunywa. Na Bibi naye ananiita Nesi. Kila siku!

Jumatano, 6 Machi
170. Nimeandika 132. Nimempita Nesi kwa nne. Shangazi amesoma daftari, akasema kumbe nami nimo. Nikafurahi, kisha nikaona haya.

Bibi ametia chumvi kwenye chai. Akainywa yote.

Ijumaa, 8 Machi
Kliniki. Naandika nikiwa kwenye benchi, koridoni.

Daktari alimuuliza Bibi leo ni siku gani. Bibi akahesabu vidole, akaacha. Akamwonyesha saa ya ukutani aisome, Bibi akamjibu, "Kwani wewe huna macho, mwanangu?" Tukacheka wote. Halafu daktari akatueleza: presha ikikaa juu muda mrefu, mishipa midogo ya kichwani inachoka, ubongo unakosa damu ya kutosha, na kumbukumbu zinapukutika. Zilizokwisha kupotea huenda zisirudi. Zilizobaki ndizo za kulindwa.

Hakuna aliyecheka tena.

Akampima: 176! Akafungua daftari langu. Akasema nyumbani iko vizuri, basi hapa ni hofu tu, wazee wengi hupanda presha wakiona koti jeupe. Dawa zisiongezwe. Shangazi, tuliyekuja naye, akauliza kama mashine yetu ya nyumbani ni nzima.

Bibi akanishika mkono. "Huyu haandiki ovyo," akasema — akanitaja kwa jina langu. Langu! Sijalisikia kinywani mwake tangu mwaka jana.

Siku zote hizi nimelililia jina hilo. Leo limenichoma.

Daktari ametutoa nje Bibi apumzike. Atampima mara ya mwisho, kisha aandike dawa. Bibi amesinzia begani kwangu. Daftari la presha liko mezani kwa daktari. Namba za kweli ziko hapa tu, kwako, shajara yangu.

Nitunzie siri hii. Si kwa muda mrefu — mpaka mlango ule ufunguke.

Kitasa kinazunguka